Msusi wa Nyaya na Wimbi Lisilotulia

Anavuta pumzi, kisha anaizuia. Chini ya hadubini, sindano ya mashine inateremka taratibu ikivuta waya wa dhahabu mwembamba kuliko unywele. Inagusa ukingo wa kibamba chenye rangi ya chai hafifu, inatetemeka kidogo, inainuka. Waya umenasa. Mwanamke mwenye koti jeupe anaachia pumzi na kukinyooshea kidole kile kibamba.

"Wateja kama huyu ndio ninaowapenda," anasema. "Halii, hasinzii, wala haniambii nimemkaza."

Wenzake wa maabara humwita Unywele. Kabla ya kuja hapa alikuwa msusi kwa miaka kumi na mmoja katika saluni ya dada yake mkubwa, chumba kimoja chenye viti viwili na kioo kilichopasuka pembeni. Dada ndiye aliyemfundisha kugawa nywele kwa ncha ya kitana. Ndiye pia aliyemsukuma ajaribu kazi hii, siku mteja mmoja aliposimulia kwamba kazini kwao wanatafuta mtu mwenye mikono isiyotetemeka. Unywele alikwenda kujaribiwa akiwa na cheti cha kidato cha nne na vidole vyake kumi.

"Miezi ya mwisho wa mwaka saluni ilikuwa inalipa kuliko hapa," anakiri. "Ila hapa nakaa kwenye kiti. Kule mgongo ulikuwa unakwenda."

Kibamba anachokibandika nyaya ni jiwe la sumaku, jembamba sana. Ndani yake mna vijisumaku visivyohesabika, kila kimoja kikizunguka mahali pake kama pia wanayochezea watoto. Kimoja kikiyumbishwa, jirani yake huyumba, na jirani wa jirani, hadi upande wa pili wa jiwe. Wataalamu huliita hilo wimbi la spini, na kipande chake kidogo kabisa, kile kisichogawanyika tena, hukiita magnoni. Waya mmoja wa Unywele huanzisha wimbi, mwingine hulipokea.

Yeye ana namna yake ya kulieleza. "Umeona msiba ukitokea mtaani? Nyumba ya kwanza inaiambia ya pili, ya pili inaiambia ya tatu. Jioni mtaa mzima umejua, na hakuna nyumba iliyohama."

Profesa anayeongoza maabara anasema mfano huo umemwokolea maneno mengi mbele ya wageni. Anachotafuta yeye ni njia ya kupitisha ujumbe ndani ya kompyuta kwa wimbi la namna hiyo, badala ya umeme unaokimbia na kuchemsha kila unapopita. Simu inayounguza sikio, anasema, ni umeme uliochoka kukimbia.

Dada alifariki mwaka jana kwa ugonjwa wa muda mfupi. Saluni ikafungwa, viti vikauzwa. Unywele alichukua kitu kimoja tu: redio ndogo iliyokuwa ikiimba pale tangu kufungua hadi kufunga. Akawa anakuja nayo kazini ili aisikilize kwa sauti ya chini wakati wa chakula. Jioni aliirudisha nyumbani, maana mama yao halali bila taarifa ya habari.

Muda si mrefu, matatizo yakaanza. Wafadhili wa mradi walitaka kipimo ambacho kikirudiwa kinatoa jibu lilelile. Wimbi likipita salama, kwenye skrini huonekana mlima mwembamba, na mlima huo ulitakiwa usimame mahali pamoja. Haukusimama. Leo uko hapa, kesho umesogea. Bila kipimo hicho mradi ungefungwa, na kazi ya Unywele ingekwisha pamoja nao.

Macho yalianza kuelekea kwenye nyaya. Mtafiti anayesimamia vipimo, binti mpole aliyetoka masomoni si zamani, alimwomba azibandue na kuzibandika upya. Akafanya hivyo, na akafanya tena, na bado mlima ukahama. Ndipo mtafiti alipoona jambo ambalo hakupenda kulisema. Alilisema akiwa amesimama mlangoni, mkono kwenye kitasa.

"Dada, usinielewe vibaya. Ukiwepo mlima unahama. Siku zako za mapumziko unatulia."

Siku hiyo Unywele alirudi nyumbani asile. Mama alimuuliza kama amefukuzwa, naye akajibu bado.

"Nilikaa naitazama mikono yangu," anasimulia. "Dada amekwenda, saluni imekwenda. Nikasema, na hii nayo?"

Kesho yake profesa aliwasha mashine ya kupimia kibamba kikiwa ndani, akamwomba Unywele aingie na kufanya kila kitu kama kawaida yake, mtu yeyote asimsemeshe. Anasema alijiona kama mwizi anayewaonyesha polisi alivyopita dirishani. Aliingia, akatundika mkoba kwenye msumari wa mlangoni, akavaa koti. Mlima umetulia. Akakaa kwenye kiti chake, akakaza kilemba. Umetulia. Akakumbuka, akainuka kuchukua redio kwenye mkoba, akaiweka pale inapokaa siku zote, kwenye rafu iliyo chini ya meza, chini ya mashine ile ile.

Mlima ukasogea.

"Lakini sijaiwasha," akasema.

Hilo ndilo lililowapoteza wote. Wiki nzima walikuwa wakizima simu, feni na taa za korido, na kila aliyeiona redio aliona kwamba imezimwa, akapita. Ila nyuma ya spika kuna sumaku, na sumaku haina kifungo cha kuzimia. Watu hawakusikia kitu, lakini vijisumaku vya ndani ya jiwe vilikuwa vinaisikia hata ikiwa kimya.

Profesa alicheka mpaka akavua miwani, akasema yeye mwenyewe amewahi kuinama kufunga kamba za viatu mbele ya redio ile. Mtafiti hakucheka. Alivuta kiti akakaa karibu na Unywele, akamwomba radhi kwa maneno ya mlangoni. Unywele akamwambia asijisumbue.

"Mgeni nilimleta mimi," alisema. "Ungejuaje?"

Redio sasa inashinda nyumbani, na mama hakuficha furaha yake. Wiki za kwanza ukimya wa maabara ulimlemea Unywele. Siku hizi anaimba mwenyewe, chinichini, nyimbo zilezile za saluni. Mtafiti amezizoea, na kuna mmoja anaouitikia, ingawa anaukosea.

Kipimo kimerudiwa, kikatoa jibu lilelile, na wafadhili wamekubali kuendelea. Kimeletwa kibamba kingine, kirefu zaidi ya mara mbili. Safari hii Unywele atabandika nyaya na kusoma skrini mwenyewe; mtafiti anamfundisha kila mchana, baada ya chakula. Hana uhakika wa matokeo, kama ambavyo maabara nzima haina. Wimbi hupungua nguvu kadiri linavyosafiri, na profesa na mtafiti hawajakubaliana kama litavuka umbali huo.

Na lisipofika upande wa pili?

Unywele anakigeuza kibamba kipya taratibu, akitafuta pa kuanzia.

"Nitabandika waya mwingine katikati," anasema. "Angalau tujue lilifika wapi."