Koti Lililosomea Eksirei

Tulimwita Msomi, naye akadhani ni sifa. Kwa miaka miwili tulisomea pamoja kazi ya kupiga picha za eksirei, na sikumwona hata siku moja akimsaidia mgonjwa kupanda mezani. Wagonjwa wananuka, alisema. Debe tupu haliachi kuvuma. Koti lake jeupe alishonewa na mama yake, fundi cherehani, na alilivaa siku moja tu, ya kupiga picha ya kumtumia mama huyo.

Kifuani mwa kila koti tulibandika beji ya kupimia mionzi. Kila baada ya miezi mitatu beji zilikusanywa na kusomwa, ijulikane nani kapigwa na mionzi kiasi gani.

Muhula mmoja, kila asubuhi Msomi alitundika koti lake kwenye msumari kando ya meza ya picha, kisha huyoo, kantini. Mwalimu akichungulia na kuliona, alijua mwenyewe yupo, akamwekea tiki. Sisi kila picha tulijificha nyuma ya ukuta wa kinga. Koti lilibaki palepale, likila mionzi kutwa. Tulijua, tukanyamaza.

Majibu yalipokuja, beji zetu zilikuwa safi. Ya Msomi ilipita kiwango kinachoruhusiwa kwa mwaka mzima. Mwalimu akamwita mbele yetu.

"Ulikuwa unasimama wapi?"

Akisema kweli, atarudia mwaka kwa utoro. Akidanganya, ataonewa huruma. Akachagua huruma.

"Nilikuwa nawashika wagonjwa mikono, mwalimu. Wengine wanaogopa mashine."

 Uongo huo ulikuwa mdogo. Jioni alimpigia mama yake simu, akamwambia mionzi imemwingia mwilini.

Kesho yake mama alifika, macho yamevimba, akauliza kama mwanawe ataishi. Msomi alikaa kando yake, kichwa chini, akimwacha alie. Siku hiyo nilimdharau kuliko nilivyowahi kumdharau mtu yeyote.

Mwalimu akasema Msomi asikaribie tena mashine, akabandua beji mpya, akampa mama koti aende nalo. Mama akalitandaza mapajani. Mkono wa fundi hautulii: akageuza kola, akakagua viwiko, akachungulia kwapani.

"Baba, koti hili nilikupa lini?"

"Mwaka jana, mama."

"Viwiko vipya. Kwapani hakuna hata alama ya jasho. Ila hapa kwenye kola pametoboka." Akapenyeza kidole kwenye tundu la msumari. "Nguo hii haijavaliwa, mwanangu. Imetundikwa."

 Mwalimu alifungua daftari la mahudhurio, akazitazama tiki alizoliwekea koti, kisha akamweleza mama kwamba mtoro hurudia mwaka mzima.

Mama akajifuta machozi kwa mkono wa koti, akalikunja vizuri, akalitia kikapuni mwake.

"Mwaka mmoja tu, mwalimu?" akauliza. "Utamtosha kweli?"