Siku Niliyotoa Maoni ya Kitabu Nisichokisoma Mbele ya Baba Yake Ghati

Nisiwafiche, jamani, jambo hili bado linanichoma nikilikumbuka, na kuna njia moja pale Turwa siipiti mchana mpaka leo kwa sababu inapita karibu na lile darasa, na kuna akina mama wawili wakiniona tu wanashikana mabega wakicheka. Nimeona niwasimulie mwenyewe kabla hamjayasikia kwa wengine, maana wengine wanaongeza chumvi, na mkasa huu chumvi yake ilikuwa inatosha tangu mwanzo.

Mimi ni fundi wa kuchomelea, natengeneza mageti, madirisha na matela, na kusoma riwaya hakukuwa kazi yangu kabisa. Kazi yangu nyingine wakati ule ilikuwa kumpenda Ghati. Sasa baba yake Ghati, Mwalimu Wambura, alikuwa amestaafu kufundisha ila ualimu wenyewe ulikuwa umekataa kumstaafu, kwa hiyo akaanzisha kikundi cha wasomaji, wakawa wanakutana Jumamosi mchana katika darasa la kuazima, na msimu ule walikuwa wanajadili riwaya tatu zinazofuatana ziitwazo Nchi Bila Jogoo, habari za watu wachache waliobaki baada ya ukame na ugonjwa kuimaliza dunia, jinsi wanavyohangaika kuishi. Mwalimu alizipenda riwaya zile kuliko chai, na Mwalimu anapenda chai.

Wazee wangu wa Susuni walikuwa wameshajipanga kwenda kwake kupeleka posa. Ghati akanivuta pembeni, akaniambia, "Chacha, baba hapimi mtu kwa suruali. Njoo kwenye kikundi, sema kidogo tu kuhusu kile kitabu, akufahamu kabla wazee hawajaja. Maana akikukataa yeye, mimi sitamruka baba yangu."

Akanipa kitabu cha kwanza. Nikasoma kurasa sita, nikakifunga (kwa nini nilikifunga mtasikia mbele), nikakitia kwenye boksi la vyuma, siku zikaenda. Asubuhi ya Jumamosi yenyewe nikakumbuka, jasho likanitoka, na badala ya kumwambia Ghati ukweli kama mtu mwenye akili nikampigia rafiki yangu Marwa, ambaye alikuwa amesoma vyote vitatu, nikamwomba anirekodie sauti, anipe kwa ufupi. Uamuzi wenyewe ulikuwa mdogo tu, lakini ndio ulionimaliza.

Marwa, niwaambie, ni Mkurya wa kutoka ndani kabisa, na mnajua sisi herufi L kwetu ni mgeni, akija tunampokea kama R. Sauti ikaja huku nimewasha mashine ya kukatia vyuma, nikaiweka simu sikioni, naye akaniita mura, yaani kijana, kama tunavyoitana kwetu. "Mura, sikiriza. Kuna yure kaka anaitwa Kito, na yure dada anaitwa Neema. Dunia imeisha, watu wamebaki wachache. Sasa kitabu chote cha tatu ni kutafuta mahari tu. Wanatembea kijiji hadi kijiji, wanaambiwa hapa kwetu hakuna mahari, endereeni mbere. Yure dada anaria, anasema bira mahari sisi siyo watu. Mwisho kabisa wanapata mahari pazuri, wanaanza maisha."

Sauti iliendelea, ila mimi nilikuwa nimeshashiba, nikazima. Na mjue kwamba kule nyumbani, wiki ile nzima, kila jioni mazungumzo yalikuwa mahari, mahari, ng'ombe gani watoke na ng'ombe gani wabaki, kwa hiyo kichwa changu kilikuwa kimejaa ng'ombe kama zizi. Mtu mwenye masikio angeshtuka pale Marwa aliposema "pazuri", kwa kuwa mahari inaweza kuwa kubwa au ndogo lakini haijawahi kuwa "pazuri". Lakini mambo ya ngeli niliyaacha shuleni pamoja na viatu vyangu vya shule.

Basi nikaenda. Nikamwamkia Mwalimu, "Shikamoo, Mwalimu," akaitika, "Marahaba," akaniangalia juu mpaka chini, akanionyesha dawati la mbele (la watoto wa darasa la tatu, nikajikunja magoti yakagusa kidevu). Ghati alikaa dirishani akiniangalia kwa matumaini, na hayo matumaini ndiyo yanayoniuma zaidi.

Watu wakaanza kutoa maoni, na kusema kweli maoni yalikuwa matamu. Nesi mmoja, mama mwenye sauti kubwa, akalalamika kwamba katika kitabu cha pili watu wanapona vidonda haraka mno, "mimi nafunga vidonda kila siku, havina adabu hiyo." Mzee mmoja mkulima aliyetoka Genkuru akasema, "Wanakaa pangoni mwaka mzima, hakuna hata mmoja aliyepanda mtama. Watu gani hao?" Mwalimu alikuwa anaandika kila kitu ubaoni huku anatabasamu, na mimi nikaona hapa ndipo pa kujitengenezea jina, nikanyoosha mkono.

"Mimi," nikasema, nikasimama, dawati likasimama na mimi kidogo, "kilichonifurahisha ni jinsi mwandishi alivyoheshimu mila. Dunia imeisha, serikali hakuna, polisi hakuna, kijana angeweza kumchukua msichana wa watu akaenda zake. Lakini Kito hakufanya hivyo! Kito ametembea nchi nzima kwa miguu akitafuta mahari ya Neema!"

Watu wakanikodolea macho. Nikadhani wameguswa.

"Mahari ya Neema?" nesi akauliza taratibu. "Aolewe na nani?"

"Na Kito mwenyewe, nani mwingine?"

Nyuma kule mtu akasema, "Yesu wangu." Yule mzee wa Genkuru akageuka mzima mzima na dawati lake. "Kijana, Kito na Neema ni wa tumbo moja. Baba mmoja, mama mmoja."

Hapo, ndugu zangu, mtu mwingine angekaa chini. Mimi niliposikia Marwa akisema kaka na dada nilijua ni kaka na dada wa barabarani, kama tunavyoitana wote, na sasa niko mbele ya Wakurya wenzangu nimemuoza mtu na dada yake, mwiko ambao hata kuutamka unatema mate chini, na baba wa mchumba wangu ameshika chaki. Nikajitetea. Nikasema, "Dunia ikiisha, mzee wangu, mtu anaangalia waliobaki."

Nesi akafunika mdomo. Mzee akaniuliza, na ng'ombe je, si wote walikufa katika kitabu cha kwanza? Nikasema walifichwa. Walifichwa wapi? Nikasema mbugani, Serengeti. Hapo mzee akacheka mpaka akavua kofia, akasema simba wa huko wana heshima sana siku hizi, na darasa zima likafuata, isipokuwa Ghati, aliyekuwa amejifunika uso na daftari, na Mwalimu, aliyeiweka chaki mezani.

Kwa kiherehere changu nikaona dawa ni ushahidi. Nikatoa simu, nikasema jamani mimi sikutunga, sikilizeni, nikaiwasha kwa sauti ya juu. Marwa akanguruma darasani, mahari, mahari, na kabla hajafika mbali akina mama wawili wakapiga makofi, "Mahali! Anasema mahali! Wanatafuta mahali pa kuishi!" Nikaelewa. Nikataka kuzima, vidole vina jasho, kila nikibonyeza sauti inapanda, na ndipo ikafika ile sehemu ambayo asubuhi sikuisikiliza: "Na usihangaike kusoma, mura, ni virefu. Mzee wa Ghati akikubana, wewe shika kifua useme kimenigusa moyo. Wazee wanapenda hiyo."

Niliona aibu mpaka masikio yakaziba.

"Umesoma kurasa ngapi?" Mwalimu akauliza.

"Sita, Mwalimu."

"Za kitabu kipi?"

"Cha kwanza."

"Ukurasa wa sita kuna nini?"

Nilikuwa sina tena cha kuficha, kwa hiyo nikamjibu. Nikasema kuna msichana ameamka alfajiri, bado hajatajwa jina, anasikiliza jogoo, hakuna jogoo, wamekufa wote, na mdogo wake amelala pembeni, basi anatoka nje anawika yeye mwenyewe ili mtoto akiamka asiogope. Nikasema nilikifunga kitabu hapo. Kwa sababu mama yangu alipofariki nilikuwa na miaka tisa, na dada yangu alikuwa anaamka mapema kila siku anagongagonga sufuria jikoni kama alivyokuwa anafanya mama, nisikie nikiwa kitandani nidhani nyumba bado nzima. Nikasema sikuweza kuendelea, nikaenda kukata vyuma.

Mwalimu akavuta mfuko wake, akaufungua. Kisha akasema, "Kaa chini. Hayo ndiyo maoni yako ya kwanza leo." Akanitolea humo vitabu viwili vilivyobaki. "Wazee wako wasubiri kwanza. Mtu haingii nyumbani kwangu kwa sauti ya mwenzake."

Nikasoma. Nilisoma kwenye karakana, wateja wakanuna, mwanzoni nikisoma kwa hofu ya kumkosa Ghati, halafu sijui ilikuwaje nikasahau hata hofu. Nilimlilia mkunga mmoja mzee anayewaongoza Kito na Neema, ambaye katika kitabu cha tatu miguu inamshinda, wanamwacha njiani ili wao wafike penye maji. Baada ya Jumamosi nne nikarudi, nikapita katikati ya vicheko, nikaketi dawati lilelile.

Mwalimu akasema mwandishi amefanya sawa yule mkunga kuachwa, kuishi kuna gharama. Mimi nikasimama nikasema hapana, Mwalimu, samahani, sikubali. Akapandisha sauti, nami nikapandisha. Nikamwambia sura ya tisa inasema kulikuwa na toroli bovu pale kambini, magurudumu mazima, na mabomba ya chuma, nikaenda ubaoni nikachukua chaki yake bila ruhusa nikamchorea: hapa unakata, hapa unafunga kwa waya kama umeme hakuna, hapa bibi anakaa. Nusu saa! Wamemwacha bibi wa watu kwa kazi ya nusu saa! Ndipo nikaona haya, nikarudi kukaa.

Mwalimu akautazama ule mchoro. Hakuufuta. Watu walipoanza kuondoka akaniita, Ghati akiwa nyuma yake, akasema, "Waambie wazee wako waje Jumapili. Mtu anayemwonea uchungu bibi wa kitabuni kiasi hiki, sidhani kama atamwacha mwanangu njiani."

Tangu siku hiyo nimeapa sitatoa maoni ya kitabu nisichokisoma, hata wakinikalia kooni. Nikiulizwa na kama sijasoma, nasema sijasoma. Ni neno moja tu, halimuui mtu, ila Jumamosi ile nililitafuta mdomoni mwangu kote nikalikosa.