Kombe na Sindano

Mkwe wangu akifungua chupa ya mafuta ya karafuu, mimi hurudi utotoni, mkekani kwa bibi, mguu umenivimba chini ya goti na unawaka moto.

Bibi alidhani nimeteguka mpirani. Alinichua kwa mafuta hayo, nikapiga kelele, na homa ikazidi. Ndipo aliponipeleka hospitali, mkononi kashika chupa ya kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani na kuoshwa kwa maji ya waridi.

Daktari aliugusa mguu kwa ncha ya kidole.

“Kateguka tu huyu,” bibi alimwambia.

“Bi, kuteguka hakuleti homa hii. Usaha umo ndani ya mfupa. Tukichelewa, mfupa utaoza. Leo tunautoboa tuutoe usaha, kisha sindano mpaka azichoke.”

“Na kombe langu?”

“Atakunywa akizinduka, Bi. Ila mguu usichuliwe tena, niachie mimi.”

Bibi alifuta mafuta mikononi kwa kanga yake. “Haya, mwanangu. Bismillahi, anza.”

Kombe nilikunywa, na sindano nilizichoka. Ninaposhuka kusujudu, kovu la chini ya goti hutangulia kugusa mkeka, nami huwaombea dua wote wawili.