Siku Nilipomtoa Mtani Wangu Mkutanoni

Nilipogombea kiti cha baraza kwa mara ya kwanza, miaka ya hamsini, nilikuwa na elimu ya sekondari, suruali ya kaki iliyopigwa pasi na viatu vyeusi. Nilikuwa nimekaa Morogoro mjini muda mrefu. Kule kwetu, mlimani juu ya Mgeta, watu walikuwa wakilazimishwa kukata matuta ya ngazi mashambani, nami niliahidi kuwasemea kwa wakubwa.

Mkutano wa kwanza ulikuwa karibu na gulio. Nilikuwa katikati ya hotuba mtani wangu aliposimama. Ukoo wake na wetu ni watani tangu mababu. Baba yangu alipofariki, yeye ndiye aliyevaa koti la marehemu akatembea kwa kuchechemea kama baba, hata mama akacheka huku analia.

"Jamani, muulizeni mtani wangu," alisema. "Jembe linashikwa upande gani? Na viatu vile vikiteleza kwenye matuta, nani atambeba?"

Watu wakaangua kicheko, kisha wakanigeukia kungoja jibu. Mjomba aliyekaa nyuma yangu alininong'oneza, "Mjibu, baba. Mtukane."

Nilijua la kumjibu. Ukoo wao tuliutania kwa ulafi tangu tukiwa watoto. Neno moja tu la ulafi lingetosha, watu wangejua nimerudi nyumbani. Lakini nilikuwa nimeandaa hotuba, na masikio yaliniwaka.

"Huu ni mkutano wa serikali," nilisema, nikamgeukia tarishi wa boma aliyelinda mkutano. "Tarishi, mtoe huyu mlevi."

Hakuwa amelewa. Alivua kofia, akatoka mbele ya tarishi bila kushikwa. Nilimaliza hotuba yangu yote, na hakuna aliyeniuliza swali. Tulipokuwa tunapanda kwenda nyumbani, mjomba alisema tu, "Umewafukuza wote."

Siku ya kura, watu walijipanga nyuma ya wagombea. Mstari wa mgombea mwenzangu ulizunguka hadi nyuma ya jengo la baraza. Wangu ulikuwa wa ndugu zangu wa tumbo moja na wajomba, na mwisho wao kabisa alisimama mtani wangu. Sikuweza kumtazama. Ingekuwa afadhali angesimama upande wa pili.

Mwaka uliofuata mama alifariki. Mtani alikuja na jembe alfajiri, akachimba kaburi vizuri sana. Nilingoja ajilaze ndani yake akidai ujira kabla ya kutoka, kama ilivyo desturi ya watani. Niliweka hata kuku tayari. Alipanda juu, akafuta mikono, akanijia.

"Pole sana, bwana," alisema.

Watu waliozunguka kaburi waliinamisha vichwa. Nilitaka kumwambia kwamba ukoo wao wote ni walafi, lakini nilimpa mkono nikamshukuru. Tuliishi jirani hadi alipokufa, na siku zote aliniita bwana, si mtani.