Raia wa Kila Siku

Juzi, nikiwa barazani pa shule moja ya serikali hapa Morogoro, mama mmoja Mluguru alipandisha kanzu ya mwanawe. Mgongo ulikuwa umevimba kwa michirizi ya fimbo.

"Watoto wanacheza mchezo wa akida tu, mama," mwalimu alisema akicheka. "Akida wa serikali huhukumu, raia hupigwa."

"Na mwanangu huwa akida lini?"

Mwalimu akawageukia wanafunzi kutafuta jibu.

"Huyu? Huyu ni raia kila siku, bwana mwalimu!" mmoja wao akajibu.

Mwalimu akaacha kucheka. Akachukua kiboko amchape yule mwanafunzi aliyekuwa akida.

"Mwache, baba," mama akasema. "Hicho kiboko ndicho kilichomfundisha."

Wasomaji, mtoto akituambia anacheza, tumuulize zamu yake ya kuwa akida ni lini. Mwalimu nilimwacha ameshika kiboko, hajui akiweke wapi.