Riale ya Mama Ndani ya Plastiki

Kazi yangu mimi ni kupima. Nina ofisi ya vifurushi hapa Garsen, mlango mmoja, kaunta moja, na mizani ya betri ambayo haijawahi kunidanganya. Samaki wakavu, maembe, simu mbovu zinazokwenda Mombasa kutengenezwa, vyote hupita mkononi mwangu. Na miaka hii ya karibuni, sarafu. Kuna mteja wangu anayenunua sarafu za kale. Huzipeleka ng'ambo kwa wakaguzi, nao huzirudisha kila moja imefungiwa ndani ya kikasha kigumu cha plastiki, na kijikaratasi kinachoeleza ni sarafu gani na hali yake. Akipata mnunuzi, mimi ndiye ninayezifunga na kuzituma. Sponji chini, sponji juu, boksi, utepe, ndipo mizani. Ukitikisa ukasikia kok, fungua uanze upya.

Mama alikuwa na riale moja, sarafu ya fedha ya zamani, aliyoachiwa na mamake kule Ozi. Aliifunga kwenye pindo la leso, na akizungumza na watu kidole gumba kilikuwa ndani ya fundo, kikiisugua. Mafuriko yalipochukua nyumba na mpunga wote, alitoka na leso yake na riale yake, basi. Nikamleta kwangu. Macho yalikuwa yameshaingia mtoto wa jicho, watu akiwajua kwa sauti. Kila asubuhi swali lilikuwa moja: "Nyumba yangu utanijengea lini?" Na mimi na ofisi ya mlango mmoja, nijenge na nini?

Yule mteja akaniambia riale ile ingepata mnunuzi mzuri, lakini sharti ikaguliwe na kufungwa. Nikamweleza mama. Akafikiri sana.

"Wakaitazame tu," akasema. "Irudi niishike, ndipo niamue."

Nikamwapia itarudi. Nikaifunga mwenyewe, nikaweka boksi kwenye mizani, nikaandika uzito wa boksi. Riale yenyewe sikuipima. Miaka yote hii sijawahi kupima kitu, napima boksi tu. Lo, mpumbavu mimi!

Ilirudi baada ya miezi mitatu. Nilimwekea mkononi huku nacheka kwa furaha. Akaigeuza, akapapasa pembe, akainusa.

"Hii ni nini?"

"Riale yako, mama."

"Riale gani ina pembe nne? Hiki ni kifuniko cha kopo."

Kisha akaipima kwa kiganja. Mama ameuza mchele maisha yake yote, na kiganja chake hakikuwa cha kubishana nacho. "Yangu haikuwa nzito hivi," akasema.

"Uzito ni wa plastiki, mama."

"Basi itoe."

"Haitolewi! Nikikivunja kikasha mnunuzi hachukui tena, na nyumba ndiyo imekwenda. Unataka nyumba au hutaki?"

Nilisema kwa ukali, siwezi kujitetea. Nikaiweka kwenye mizani, nikamsomea gramu kwa sauti kubwa kama anayesoma hukumu. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Na ilipoondoka ilikuwa na uzito gani?"

 Nikasema nina wateja, nikatoka.

Tangu siku hiyo habari ya nyumba hakuiuliza tena. Dada yangu alipokuja kumtazama nikamsikia mama akimwambia, nami niko nyuma ya pazia: "Kakako ameiuza. Ameniletea picha yake, imetiwa kioo." Wallahi nilikasirika. Nilimkasirikia mama yangu mzazi! Mimi mwizi? Siku mbili nzima salamu yangu ilikuwa ya mdomo tu. Nikajiambia ngoja mnunuzi alipe, kuta zisimame, atazipapasa mwenyewe na aibu itamshika. Na mnunuzi naye alikuwa leo, kesho, leo, kesho.

Homa ilimshika ghafla. Siku ya tatu hospitalini nilikuwa namlisha uji, akausogeza mkono wangu pembeni.

"Mwanangu, nimekusamehe."

"Umenisamehe nini, mama? Sikuiuza. Iko ofisini, kwenye sanduku."

"Nimesema nimekusamehe," akarudia, kwa upole ule ule aliokuwa akitutumia tukiwa wadogo tumevunja chungu.

Nikaliacha bakuli, nikatoka mbio. Nilijua hatimaye ninalopaswa kufanya. Nilifungua ofisi, nikafungua sanduku, nikaikamata. Simu ya dada ikalia kabla sijatafuta nyundo. Sikuipokea. Nilijua.

Tulimzika Ozi. Siku ya pili baada ya matanga kuondoka, nilikitoa kile kikasha mfukoni mbele ya dada yangu, nikakiweka juu ya jiwe, nikakipiga na jiwe lingine. Kigumu, yakhe! Kilinikataa mara nne. Mara ya tano kikapasuka, vipande vikaruka mchangani, na kijikaratasi chake kikaenda na upepo. Nikaiokota riale, nikamtia dada kiganjani, nikamfunga vidole kwa nguvu.

"Shika. Sikia mwenyewe. Ni yenyewe au si yenyewe?"

Aliishika kidogo, kisha akanirudishia.

"Mimi sikukushuku hata siku moja, kaka," akasema. "Aliyekuomba uitoe si mimi."