Mtani Aliyetolewa Msibani kwa Baba

Sisi tuliokulia Kibaha wakati Maili Moja bado ina mikorosho hadi uani kwa watu, tulicheka bila kununua bando. Tulicheza rede na kombolela mpaka miguu ikawa myekundu kwa udongo, tukala muhogo wa kuchoma wa pilipili, na wa kutuvunja mbavu tulikuwa naye nyumbani. Leo mtoto anacheka peke yake ameinamia simu. Ukimuuliza anacheka nini, anakuonyesha mtu asiyemjua akianguka.

Baba yangu, Mzee Kondo, Mzaramo wa Kisarawe, aliuza mabati, misumari na vitasa. Mteja akiuliza kama kitasa ni imara, baba alijibu, "Mke wangu alinifungia nje kwa hiki hiki. Mpaka leo naingilia dirishani." Mama, palepale akipima misumari, alisema, "Na leo utalala huko huko dirishani." Siku hizi kijana anafungua duka, anaweka spika mlangoni, halafu ukimsalimia anakutazama kama umekuja kumwibia.

Raha ilizidi akija Mzee Shija, Msukuma mfuga ng'ombe wa Kwala. Enyi vijana mnaodhani utani ni kutumiana vikatuni, niwaeleze: Mzaramo na Msukuma ni watani tangu kwa mababu, na kumkasirikia mtani ni mwiko. Shija aliivua kofia ya baba, akaivaa, akakalia kiti chake na kuwatangazia wateja kwamba mwenye duka ameshakufa. Baba naye alikwenda Kwala akarudi na jogoo bila kuomba ruhusa kwa mtu. "Mpagazi wangu Shija kaninyima ng'ombe," alituambia, "nimemchukua huyu mdogo wake."

Tena alitusisitizia mara nyingi, "Nikifa, Shija ndiye wa kuniigiza. Msinizike watu wamenuna."

Amefariki mwaka huu. Mdogo wangu, bosi wa ofisi fulani mjini, akaunda kamati, akachapisha ratiba, akashonesha sare, akaajiri mshereheshaji na mabaunsa wawili. Mabaunsa, msibani, Kisarawe! Mshereheshaji akakosea jina la marehemu mara mbili, huku wajukuu wakijipiga picha za huzuni, wanafuta, wanarudia.

Kabla maiti haijatoka, Mzee Shija akaingia uani. Alikuwa amevaa kanzu kuukuu ya baba aliyopewa na mama asubuhi ile, anachechemea vilevile alivyochechemea baba. "Nyie mnalia nini?" akauliza kwa sauti ya baba kabisa. "Nani kawaambia pilau ipo?" Mama akacheka, kwa mara ya kwanza tangu tufiwe.

"Mtoeni huyo mlevi," mdogo wangu akawaambia mabaunsa.

Mzee ambaye hajawahi kuonja pombe akakokotwa mpaka barabarani, kanzu ikachanika begani. Kumbe mtoto wa Kizaramo anaweza kusoma mpaka asimtambue mtani wa baba yake.

Na mimi ninayewasema wenzangu nilikuwa mkekani, hatua chache tu. Ningetamka, "Huyo ni mtani," wangemwachia. Niliwaonea aibu wageni wa mjini na miwani yao myeusi, nikainama. Tukamzika baba watu wamenuna.

Wiki iliyofuata nilikwenda Kwala kuomba radhi. Tangu nizaliwe, Mzee Shija aliniita mke wake mtoro, akaninyang'anya kila nilichokuwa nakula, akaniambia nina sura ya ndama. Sikuwahi kumwamkia akaitikia vizuri. Safari hii nilisema shikamoo, akaitikia, "Marahaba, mama." Akanifutia kiti, akaniagizia maziwa, akaniuliza hali ya familia. Nikamtania kuwa ng'ombe wake wamekonda kama yeye. Akatabasamu kwa upole, akasema, "Ni kweli, mama. Malisho yamekuwa shida."

Enzi zile hakuna Msukuma aliyenipa heshima hata chembe, na nilikuwa mtoto wa watu. Sasa naheshimiwa.